Nani Anayemlipa Mkaguzi wa Serikali?

Wakubwa zetu mlioketi mbele, mama na baba, wanafunzi, asanteni kwa kufika.

Kifungu cha 126 cha Katiba yetu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kinaitaka serikali ifikishe mradi wa sheria ya fedha, yaani bajeti ya mwaka, mbele ya Bunge la Kitaifa ifikapo tarehe 15 Septemba kila mwaka. Hapa Lubumbashi tunasikia jumla redioni, mabilioni ya faranga, basi. Leo naomba tuache jumla. Tumwangalie yule anayelinda fedha zenyewe: mkaguzi wa mahesabu, hakimu, msimamizi wa masoko. Anapata wapi cha kufanyia kazi, na nani anaweza kumnyima?

Wamarekani walilipata jibu kwa uchungu. Kwao sheria za matumizi ni 12 kwa mwaka, na moja kati yake inabeba wizara ya fedha, idara ya kodi, mahakama za shirikisho na SEC, tume inayosimamia soko la hisa. Desemba 2018 rais na bunge waligombana juu ya ukuta wa mpaka wa Mexico. Sheria hiyo, pamoja na nyingine kadhaa, ikakwama, na ofisi zikafungwa kwa siku 35. SEC ikawarudisha nyumbani karibu wafanyakazi wake wote, na makampuni yaliyotaka kuuza hisa kwa mara ya kwanza yakabaki yakingoja. Ajabu ni kwamba gharama za SEC hufidiwa na ada zinazotozwa kwenye mauzo ya hisa. Lakini bila sheria, haiwezi kuzigusa. Benki kuu yao iliendelea na kazi, kwa sababu haingoji kura ya bunge.

Kwetu ofisi hazifungwi hivyo. Mradi ukifika kwa wakati lakini usipigiwe kura kabla ya mwaka mpya, Rais wa Jamhuri anaufanya uanze kutumika pamoja na marekebisho yaliyokwisha kupitishwa na mabaraza mawili ya Bunge. Ukichelewa, serikali inaomba fedha za muda. Ni kinga nzuri, naisifu. Ila inalinda karatasi. Matumizi ya serikali yanapita hatua nne: kuahidiwa, kuhakikiwa, kuamriwa, kulipwa. Yanaweza kukwama katika yoyote. Hapo hakuna tangazo wala habari ya jioni. Ofisi iko wazi, mkaguzi yupo kazini, pesa ya safari ya kwenda kukagua haipo. Kwangu mimi huko nako ni kufungwa, tena kubaya zaidi, maana hakuna anayehesabu siku.

Mahakimu wana kifungu cha 149: baraza lao kuu linatayarisha bajeti yao lenyewe, kisha linaipeleka serikalini iingizwe katika bajeti kuu. Mahakama ya Mahesabu, ile inayokagua fedha za serikali, ndiyo inayoniumiza zaidi. Kila mwaka inapaswa kulipelekea Bunge hesabu kuu ya taifa pamoja na maoni yake, yaani imkague yuleyule anayeshika ufunguo wa mfuko wake.

Sisi wa Katanga tunaijua shida hii. Kifungu cha 175 kinasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na inakatwa papo hapo yanapokusanywa. Badala yake majimbo yamezoea kungoja Kinshasa itume. Sasa tazameni mrabaha wa madini, yaani malipo ya makampuni kwa madini yanayochimbwa, tangu Sheria ya Madini (Code minier) ilipofanyiwa marekebisho 2018: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% miji na sekta za vijijini zenye machimbo, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Mgawo unafanyika wakati wa kulipa.

Njia hiyo ndiyo ninayoitaka kwa Mahakama ya Mahesabu. Bunge liweke kiasi, nacho kiende moja kwa moja kila miezi mitatu, bila sahihi ya anayekaguliwa. Mtaniambia ofisi yenye mfuko wake itajifanya bwana. Hofu hiyo ni halali, kwa hiyo nayo itoe mahesabu yake hadharani mbele ya wabunge, kila Septemba, kabla hawajaipigia kura ya mwaka unaofuata. Wabunge wa Lubumbashi wana haki ya kuleta marekebisho. Hili halihitaji faranga mpya, kwa hiyo kifungu cha 127, kinachozuia kuongeza matumizi bila kuonyesha mapato ya kuyafidia, hakiwezi kuwa kisingizio.