Bakteria wa Mizizini: Chimbua Uone

Ndugu zangu, habari ya bakteria wa udongo huanzia kwenye jembe. Maharage yakianza kutoa maua, chagua shina moja ulichimbue. Usiling'oe, maana ukivuta, vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizini wanamoishi bakteria hao, hukatikia ardhini na utasema hapakuwa na kitu. Suuza mizizi polepole, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa na wekundu, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza kazi au hakifai; kikiwa kijani, kimezeeka.

Wekundu huo ni wa protini iliyo ndugu na ile ya damu yetu. Inadhibiti oksijeni, kwa sababu kimeng'enya kinachoigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea huharibiwa na oksijeni. Asilimia 78 hivi ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea peke yake hauwezi kuitumia. Basi mmea hutoa sukari, bakteria hutoa naitrojeni. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilionyesha jambo hili miaka ya 1880, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akafanikiwa kuwaotesha bakteria hao maabara. Kwa hiyo anayekuuzia pakiti ya bakteria hao wa kupaka mbegu kama uvumbuzi wa jana, mcheke kidogo.

Pakiti yenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba watu huitunza kama gunia la mbolea, na humo ndani mna viumbe hai. Ikiachwa juani, unapanda vumbi tupu. Paka mbegu kivulini, panda siku hiyohiyo, ufukie mara moja. Kama mbegu imeshapakwa dawa ya ukungu, uliza kwanza, kwani baadhi ya dawa hizo huwaua. Soma pia jina la zao: rizobia, ndio hao bakteria wa vinundu, wa soya hawatakusaidia kwenye maharage. Na ukishamwaga urea kwa wingi, usishangae kukosa vinundu. Mmea ulioshiba naitrojeni hauna sababu ya kulisha wageni. Udongo wenye asidi kali au uhaba wa fosforasi nao huwakwamisha.

Wapo bakteria wengine wasiojenga vinundu. Azospirillum huishi kwenye mizizi ya nafaka na kutoa homoni zinazoifanya itawanyike zaidi. Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens huzuia baadhi ya vimelea vya magonjwa ya mizizi. Hapa mimi huahidi kidogo zaidi: shambani wanakuta wenyeji wengi wanaogombea chakula kilekile, na matokeo hutofautiana sana.

Ndiyo maana nasisitiza: acha mistari michache bila kupaka mbegu, na uipande kwanza, mikono ikiwa safi, isije ikabeba bakteria wa pakiti. Wakati wa maua, chimbua pande zote mbili ulinganishe. Ukikuta vinundu vingi vyekundu hata pale ambapo hukupaka, udongo wako unao bakteria hao tayari. Msimu ujao, fedha ya pakiti nunulia kitu kingine.