Madini Uliyochimba Mwenyewe Si ya Bure: Mhadhara kwa Wanaoanza Karakta Mpya

Haya jamani, tuanze. Leo naongea na wale wanaofungua karakta mpya kwenye World of Warcraft Classic, lile gemu la mtandaoni lililotoka Agosti 2019. Wa magemu mengine vumilieni, nikipata muda nitawagusa mwishoni. Sitaeleza mnada, lile soko la wachezaji, ni nini wala wakufunzi wanakaa wapi, hayo mnayajua. Mnajua pia kwamba karakta mmoja anabeba fani kuu mbili tu, na ukiitupa moja unapoteza kila kitu, pointi zote za ujuzi na resipe zote za kutengenezea vitu ulizojifunza, ukiirudia unaanza na 1. Sasa kila nikikutana na wageni naulizwa nichague nini, na jibu langu halijawahi kubadilika: chukua fani mbili za kukusanya, nenda nazo mpaka leveli 60, ya mwisho, ufundi wa kutengeneza vitu utaukuta huko huko juu haujaenda popote. Kuchuna ngozi na kuchimba madini. Au kuchuna ngozi na kuchuma mimea. Basi.

Nikishasema hivyo mkono unanyanyuka. Naona hata leo upo, shusha kwanza mdogo wangu, najua unachotaka kusema. Unataka kusema wewe ni mpiganaji, ukipanda leveli utavaa deraya za chuma, kwa hiyo utachukua uchimbaji na uhunzi ili ujitengenezee vifaa vyako mwenyewe bure. Hilo "bure" ndilo ninalopigana nalo miaka yote hii.

Sikilizeni. Madini uliyochimba mwenyewe si ya bure. Tuseme shaba ghafi vipande 10, nafasi moja ya begi, inauzwa mnadani kwa silva 5, sarafu za gemu. Wewe unaipeleka kwenye tanuru unaiyeyusha, unasimama kwenye fuawe unapiga mkanda wa shaba, na mkanda huo huo upo mnadani pale kwa silva 1 na bado hauna mnunuzi. Umevaa mkanda wa silva 1 uliokugharimu silva 5. Utaniambia hujatoa kitu mfukoni, sawa hujatoa, lakini ile shaba ilikuwa ni hela tayari, ilikuwa imebaki kuipeleka tu kwa mtu wa mnada. Jiulize hivi: ningekupa silva 5 taslimu mkononi, ungeenda kununua mkanda ule kwa bei hiyo? Usingenunua. Basi kwa nini unaununua kwa shaba?

Hapa ndipo watu huniambia mkuu unatia chumvi, haiwezekani kitu kilichotengenezwa kiwe rahisi kuliko malighafi yake. Inawezekana, na kwenye hili gemu ndiyo hali ya kawaida kwa vitu vya leveli za chini, na sababu yake iko wazi ukiangalia rangi za resipe. Resipe ya rangi ya machungwa inakupa pointi kila ukitengeneza, ya njano mara nyingi inakupa, ya kijani kwa kubahatisha, ya kijivu haikupi kitu kabisa. Sasa mtu anayetaka kufika pointi 300, kikomo cha fani, analazimika kutengeneza mikanda, bangili, viatu, rundo kwa rundo, vitu ambavyo hana shida navyo hata kidogo, kwa sababu anachokitafuta pale ni pointi. Akishapata pointi yake ule mkanda ni uchafu kwenye begi, atautupia mnadani kwa bei yoyote au atamuuzia muuza duka wa gemu, yule asiye mchezaji. Na hayuko peke yake, kila mhunzi kwenye seva amepita njia hiyo hiyo na ametengeneza mikanda ile ile. Kwa hiyo soko limejaa mikanda, na shaba inazidi kutafutwa. Nani anaitafuta? Ni mtu wa leveli 60 mwenye dhahabu zake, ameamua wikiendi hii anapandisha uhunzi kwenye karakta wake wa pili, na hana mpango wa kurudi kule kwa maadui wa leveli 8 kugonga mawe na sururu. Atanunua shaba yote iliyopo. Halafu bati yote, halafu chuma. Wewe wa leveli 12 ndiye uliyesimama juu ya hiyo shaba, na badala ya kumuuzia unaigeuza mikanda ushindane naye kutengeneza uchafu!

Kulikuwa na dogo mmoja kwenye gildi yetu, yaani kundi letu la wachezaji, kijana mzuri sana, ana bidii kuliko wengi. Alianza siku moja na rafiki yake, wote wapiganaji, wakawa wanafanya misheni pamoja, maadui wale wale na mapango yale yale. Dogo akachukua uchimbaji na uhunzi, mwenzake akachukua uchimbaji na kuchuna ngozi. Mnajua kipando cha leveli 40, ukijumlisha mafunzo na mnyama mwenyewe inakaribia dhahabu 100. Wamefika 40, yule mwenzake akaenda akalipa akapanda akaondoka. Dogo ana dhahabu chache mno, zote zimekwenda kwa wakufunzi wa uhunzi, na kwenye mapengo ambapo madini yake hayakutosha akawa ananunua mengine mnadani ili asikwame, maana uhunzi una tabia hiyo, ukifika kwenye chuma na mithril, madini ya leveli za juu zaidi, unakula kuliko unachochimba. Nikamuuliza, haya, hizo deraya ulizojitengenezea ziko wapi? Alikuwa amevaa vipande viwili tu vya mkono wake. Vingine vyote vilikuwa zawadi za misheni, kwa sababu kila alipofikisha pointi za kutengeneza deraya fulani alikuwa ameshaipita leveli yake. Akawa anakimbia kwa miguu nyuma ya rafiki yake mpaka leveli kadhaa baadaye. Mimi iliniuma, kwa sababu bidii alikuwa nayo, na hakuna mtu aliyemwambia mapema.

Na kuna kitu kingine hakisemwi. Ukiweka mali mnadani unalipa amana, na hiyo amana inapigwa kutokana na bei ambayo muuza duka wa gemu angekupa. Madini muuza duka anayanunua kwa senti, kwa hiyo amana yake ni ndogo, yasipouzwa unayaweka tena bila maumivu. Panga au deraya muuza duka anaithamini zaidi, amana inakuwa kubwa, na isipouzwa amana imekwenda. Ikiuzwa unarudishiwa, mnada unakata 5% yake basi. Kwa hiyo fundi wa leveli za chini anabeba mali isiyouzika na analipia zaidi kuiweka mezani.

Utasema, lakini lile panga la uhunzi la leveli yangu ni zuri kweli kuliko la misheni. Mara nyingine ni kweli. Basi linunue! Si tumekubaliana fundi anayepandisha pointi anauza kwa hasara? Uza madini yako, nunua panga lake, chenji inabaki.

Na yule anayesema mimi napenda tu kutengeneza, napata raha nikiona jina langu kwenye kifaa, huyo sigombani naye. Hiyo ni sababu halali kabisa. Chukua uhunzi wako, jua tu unalipia raha.

Sasa kwa nini kuchuna ngozi niiweke kwenye kila jozi? Kwa sababu ya ramani ndogo, ile ya pembeni ya skrini inayokuonyesha mali ilipo. Kwenye Classic unaruhusiwa kufuatilia aina moja tu kwa wakati, ukiwasha madini mimea inapotea, ukiwasha mimea madini yanapotea. Wapo wanaochukua zote mbili halafu wanakaa wanabadilisha kila baada ya sekunde chache, inawezekana lakini inachosha, na siku usipokumbuka kubadilisha unapita juu ya mali bila kuiona. Kuchuna ngozi hakuhitaji ufuatiliaji. Mnyama umemuua tayari kwa ajili ya misheni, ukishachukua alichonacho mwilini unamchuna, kisu cha kuchunia kiwe kwenye begi, imeisha. Ila usiruke leveli za chini, maana kuanzia leveli 20 mnyama anadai pointi mara 5 ya leveli yake, wa leveli 40 anataka 200. Aliyeanza amechelewa anarudi kuua wanyama wadogo. Madini nayo ni hivyo hivyo, bati inataka 65, chuma 125, mithril 175, thoriumu 245, kwa hiyo kila jiwe unalolikuta njiani gonga. Na begi likikaza yeyusha, madini ghafi yanapangana 10 kwa nafasi, yaliyoyeyushwa 20. Angalia bei kwanza lakini, kuna siku ghafi ndiyo inayolipa.

Na ukifika 60 ukataka ufundi, tupa kuchuna ngozi bila huruma. Zile 300 zilikuja zenyewe ukiwa kwenye misheni, kuzipoteza hakukuumi kama kutupa uhunzi ulioulipia dhahabu kwa dhahabu.

Naona muda unanikimbia. Tofauti na sheria yangu zipo, nazitaja haraka. Ushonaji haudai fani ya kukusanya, vitambaa vinadondoshwa na maadui wa umbo la binadamu, na mabegi yananunuliwa na kila mtu, kwa hiyo mchawi akichukua ushonaji simzuii. Kutia uchawi kwenye vifaa ni kazi nzito sana kwa anayeanza, Classic huwezi kuuweka uchawi mnadani, lazima usimame mjini upige kelele kwenye chati mpaka mteja aje. Ila kwenye Classic kuvunja kifaa kupata malighafi za kutia uchawi hakudai pointi, kwa hiyo karakta wa pili wa leveli 5 mwenye fani hiyo anavunja vifaa vya ubora wa kijani vya karakta wako mkubwa unavyomtumia kwa posta. Zile zawadi za misheni zilizofungwa kwako hazitumiki kwa posta, usijaribu. Alkemia afadhali kidogo kuliko uhunzi, dawa inanywewa inaisha na mteja anarudi. Uhandisi ni mtamu kwa wanaopigana na wachezaji wenzao, lakini vitu vyake vingi lazima mtumiaji naye awe mhandisi, kwa hiyo usiuchukue ukitegemea mauzo.

Wa magemu mengine, swali lenu la kwanza liwe kama gemu linaweka kikomo. Final Fantasy XIV karakta mmoja anaweza kujifunza fani zote 8 za ufundi na 3 za kukusanya, huko hofu ya kuchagua vibaya haipo, kuna muda tu. Old School RuneScape nayo haikuzuii, ila leveli 99 ya fani yoyote inataka uzoefu 13,034,431, na ukiwa 92 ndiyo kwanza umefika nusu, kwa hiyo chagua utakayoivumilia. EVE Online hadithi ya madini ya bure ipo vile vile, wakongwe wa kule wanaisikia kwa kila mgeni kama ninavyoisikia mimi.

La mwisho, kupika, kuvua na huduma ya kwanza hazili zile nafasi mbili. Kuvua fanya ukipenda. Huduma ya kwanza hata usiulize, mpiganaji hana uchawi wa kujiponya, kitambaa cha kitani unacho kuanzia leveli za mwanzo kabisa, jifunze bandeji siku ya kwanza na uipandishe sambamba na leveli zako, maana ukifika leveli 35 na pointi 225 kuna misheni ya majeruhi unayotakiwa kuimaliza ndipo uendelee, na ile majeruhi wakikufia unaanza upya, nenda siku mtandao wako umetulia. Haya, yule wa mkono, sasa uliza.