Islii Haikuzaliwa 1991

Asanteni, ndugu zangu. Mwenyekiti amenipa dakika kumi nizungumzie huduma za Islii, yaani Eastleigh, mtaa wetu hapa Nairobi, na wanaonijua wanajua nyingi zitaishia kwenye jina. Mtanivumilia.

Ukiita Islii "Mogadishu Ndogo", mimi nakukatiza palepale. Mtaa huu ulianzishwa mwaka wa 1921, wakati mkoloni akigawa makazi ya Nairobi kwa rangi ya ngozi. Wahindi walijenga hapa, Wasomali wakaishi hapa, na wajukuu zao wamezikwa hapa. Vita vya Somalia vya 1991 vilileta watu wengi, nakubali, na nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka soko, mali ikipangwa kwenye vyumba vya kulala. Lakini kupanuka si kuzaliwa!

Hebu tufuate mtungi mmoja wa maziwa ya ngamia. Umekamuliwa huko kaskazini, kwa Mborana au Msomali. Umepakiwa kwenye basi Isiolo, ukapita nchi ya Wameru, barabara ileile inayoleta miraa. Ukifika Islii, kijana wa Kikamba anaushusha na kuuweka kwenye mkokoteni. Mama ninayenunua kwake hufungua kifuniko, hunusa kwanza, kisha humimina kidogo humo humo kwenye kifuniko, uonje. Moshi unausikia puani kabla maziwa hayajagusa ulimi, maana chombo hufukizwa kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike njiani. Nyuma yangu kwenye foleni kuna Muoromo, na nyuma yake Mkikuyu mwenye kibanda cha chai, ambaye huchukua lita kumi na kulipa jioni. Hawaandikiani.

Najua kuna mtu ataniambia, "Mwalimu, hao wameunganishwa na pesa tu." Haya, na iwe pesa! Mimi nimeishi kwenye mitaa tulivu ambako jirani hajui jina la jirani yake. Huyu mama anajua mteja wake amefiwa lini, na wiki ile hamdai.

Kwa nini naling'ang'ania jina? Kwa sababu mtaa ukishaitwa wa wageni, wenyewe hutendewa kama wageni. Aprili 2014 watu walikusanywa na polisi nyumba kwa nyumba wakafungiwa uwanja wa michezo wa Kasarani, wakiwamo Wakenya wenye vitambulisho mfukoni. Na mgeni, bwana, hajengewi mtaro.

Sasa huduma, harakaharaka, maana naona saa inanyooshewa kidole. Usafiri upo, matatu namba 6 na 9 hazikauki. Hospitali ya uzazi ya Pumwani iko jirani, tangu 1926, na nusu ya Nairobi imezaliwa pale. Shule nitaziacha, ingawa zinaniuma. Viwanja vya watoto pia nitaviacha.

Mitaro siwezi kuiacha. Mvua ya dakika ishirini tu ikinyesha, maji machafu yanapanda hadi vizingitini, na yule mama anainua mitungi yake juu ya matofali, mmoja mmoja, huku gauni amelishika kwa mkono mwingine. Mtaa unaouzia nchi nzima nguo, na hata watu wa nchi jirani wanakuja kununua hapa, unakosa mtaro unaopitisha maji!

Nimeambiwa mhandisi wa kaunti yupo humu ukumbini. Bwana mhandisi, tafadhali usiondoke. Nitakuja hapo ulipoketi sasa hivi.