Jinsi ya Kupanga Safari ya Gari Kuizunguka Nchi Yenu, Familia Nzima

Karibuni, watazamaji. Leo tunapanga safari ya gari ili familia iijue nchi yake kwa macho, tangu upande mmoja hadi mwingine.

Anza na ramani kubwa ya karatasi. Itandike mezani, waite wote, hata yule mdogo asiyejua kusoma. Kila mmoja mpe kifungo cha shati akiweke pale anapotamani kupaona. Bibi au babu atangulie. Muulize alizaliwa wapi, alivuka mto gani akienda shule, ndugu zake walihamia wapi. Hapa msiharakishe kabisa, maana majibu yake ndiyo yatakayowachorea njia. Mimi naona safari huanzia hapo.

Sasa chukua uzi. Tazama ninavyoulaza juu ya barabara: nabana kwa ukucha kwenye kona hii, napinda, nabana tena. Kisha naunyoosha kwenye rula. Ramani ya kipimo cha 1:1,000,000, kila sentimita ni kilomita 10, kwa hiyo uzi wa sentimita 42 ni kilomita 420. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni saa 7 za kuendesha bila kusimama. Ukiwa na watoto, siku imeisha. Basi ondoeni vifungo viwili vitatu. Inauma, lakini ni heri mlale siku mbili mahali pamoja kuliko kupita kumi mkichungulia dirishani.

Gari lipelekwe kwa fundi wiki mbili kabla: breki, oili, rejeta, betri, taa. Matairi yakague mwenyewe. Chuchumaa, tafuta herufi DOT, usome tarakimu 4 za mwisho: 2321 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Na la spea pia, jamani.

Njiani pumzikeni kila baada ya saa 2, jazeni mafuta tangi likifika nusu, mfike kabla ya giza.

Siku mtakayopita alikokulia bibi, yeye akae mbele. Zimeni redio. Mtoto mmoja ashike simu arekodi sauti yake, na dereva apunguze mwendo kila bibi anaponyoosha kidole.