Piga "Iron Man" kwa gitaa la besi, hatua kwa hatua

Karibuni, ndugu zangu. Leo tunapiga "Iron Man" ya Black Sabbath, bendi ya hevi metali, yaani roki nzito, ya Birmingham, Uingereza. Wimbo huu ulitoka mwaka 1970 kwenye albamu ya Paranoid, na besi yake aliipiga Geezer Butler. Wanaoanza hevi metali hukimbilia kununua ampu kubwa, kile kikuza sauti cha gitaa. Uzito wa muziki huu uko mikononi, na wimbo huu unalionyesha hilo vizuri sana.

Tyuni kwanza: E, A, D, G, kuanzia uzi mnene. Programu ya simu inatosha.

Tazama mkono wangu wa kushoto. Rifu, yaani ule mfuatano wa noti unaojirudia, yote tunaipiga kwenye uzi wa A. Freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni, zinahesabiwa kutoka kichwani. Freti ya 2, kidole cha shahada. Nenda ya 5, mara mbili. Ya 7, mara mbili. Rudia hapo mpaka mkono ujue njia wenyewe. Halafu: 10, 9, 10, 9, 10, 9, kisha 5, 5, 7, 7. Kwenye 10 na 9 usinyanyue kidole, kitelezeshe kilekile.

Sasa penye kazi hasa. Wengi wetu hapa Kampala tumejifunzia besi kanisani, tukazoea kuiacha noti ilie mpaka kwaya imalize pumzi. Huku, noti ikitimiza muda wake, izime. Legeza kidole cha kushoto bila kukitoa kwenye uzi. Sikia: dum. Kimya. Dum. Na gumba la kulia lilaze juu ya uzi wa E, la sivyo uzi huo utanguruma chini kwa chini na kuchafua kila kitu.

Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 50 kwa dakika. Taratibu ndiyo ngumu, kwa sababu kila noti iliyochelewa inasikika. Ikikaa sawa, ongeza 5.

Umeme ukikatika, besi usiiweke chini. Egemeza kichwa chake kwenye mlango wa kabati la mbao, upige. Mbao itaitikia, utasikia kila noti.

Sasa fungulia wimbo wenyewe, upige nao. Ozzy Osbourne akianza kuimba, sauti yake inaifuata rifu hiihii, kwa hiyo ubeti tayari unao. Sikiliza ngoma ya mguu na uikalie. Wimbo ukianza kukimbia, simamisha, rudi mwanzo. Sehemu ile tutaipiga video ijayo.