Windows 10 Inawaka, Viraka Vimekoma

Ndugu zangu wenye saiba, na walimu wa kompyuta mliofika, historia ya Windows mnaijua, siirudii. Naanza na swali lile lile ninaloulizwa kila mara: "Mwalimu, msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine zangu zinafanya kazi vizuri tu. Shida iko wapi?"

Hapo nitakaa kidogo. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya usalama, yaani masasisho yanayoziba matundu ambayo mwizi wa mtandaoni angepitia. Kiraka kikishatoka, mwizi hana haja ya kutafuta tundu kwa miezi. Anachukua faili la mwezi uliopita na la mwezi huu, anayalinganisha, na palipobadilika ndipo tundu lilipokuwa. Windows 11 imerithi sehemu kubwa ya msimbo wa Windows 10. Kwa hiyo kiraka cha Windows 11 kinaweza kumwonyesha mwizi pa kuingilia kwenye mashine yako isiyopata kiraka hicho. Na ataonyeshwa hivyo mwezi huu, na ujao, na ule mwingine.

Mtasema natia watu hofu. Haya, kumbukeni WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai fidia. Kiraka kilitoka tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja tarehe 12 Mei. Hata miezi 2 haikutimia! Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Wala halikungoja mtu abofye chochote: lilipitia njia ile ile kompyuta zinayotumia kugawana faili na printa, likatambaa kutoka mashine moja hadi nyingine. Sasa itazame saiba yako. Mashine 8 kwenye swichi moja (kile kisanduku kinachoziunganisha), folda ya kuskania iko wazi kwa zote. Moja ikiingiliwa, zimeingiliwa zote.

"Lakini nina antivirus." Iache iendelee kufanya kazi, Defender, antivirus ya Windows yenyewe, itapata taarifa za virusi mpaka Oktoba 2028. Lakini antivirus inakamata faili baya, tundu lililo ndani ya Windows yenyewe haiwezi kuliziba. Na wa kwanza kuumia ni yule mama aliyekuja kujaza fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, au kijana anayeomba mkopo wa masomo wa HELB. Paswadi yake anaiandika kwenye kibodi yako!

Sasa kazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa prosesa (Processor). Kwa Intel Core, tarakimu baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-8250U ni cha 8, na Windows 11 inakubali kuanzia hapo. Ikianza na 1, soma tarakimu 2: i5-10210U ni cha 10. i5-6300U, ambayo iko kwenye HP EliteBook 840 G3 nyingi, ni cha 6, haikubaliwi. Ukinunua laptopu ya ex-UK (mtumba kutoka Uingereza), isome kwenye skrini kabla hujalipa. Stika haitoshi.

Kisha andika tpm.msc hapo hapo, uangalie TPM, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakitaka: unatafuta 2.0. Ikisema haipatikani, mara nyingi imezimwa tu: ingia baiosi, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka (kwa HP ni F10), uiwashe. Wengi hukosea kwenye diski ya MBR, yaani yenye mpangilio wa zamani. Wanabadilisha baiosi kuwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) kwanza, kisha mashine inakataa kuwaka. Nakili data, endesha mbr2gpt, programu ya Windows inayogeuza diski kuwa ya mpangilio mpya wa GPT: kwanza /validate, kisha /convert, zote mbili pamoja na /allowFullOS, ndipo ubadilishe baiosi.

Viraka vya kulipia nitavipitia haraka. Mpango wa nyumbani, dola 30 au bure ukisawazisha mipangilio kwa akaunti ya Microsoft, unaishia tarehe 13 Oktoba 2026 na unataka toleo la 22H2, la mwisho la Windows 10. Huo ni wa matumizi binafsi. Wa biashara ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Mashine 8 ni dola 488. Kwa kizazi cha 6, msilipe.

Mashine hizo ziwekeeni Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows: fleshi ya GB 8, RAM ya GB 4. Iwasheni kutoka kwenye fleshi na mjaribu printa kabla ya kufuta chochote. Fomu za Excel za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, zenye makro (amri zinazojiendesha) zinaweza kukwama kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya Linux, kwa hiyo bakisheni mashine moja ya Windows 11.

Dakika zangu zimekwisha. Anayetaka kuona mbr2gpt ikifanya kazi, laptopu iko hapa mbele.