Kipimo Kikisoma Malaria, Endelea Kumchunguza Mgonjwa

Ndugu mwenyekiti, matabibu wenzangu, wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Temeke na Ilala, asanteni kwa kuja.

Leo namzungumzia yule mgonjwa anayefikishwa dharura hoi, ana homa, kipimo cha haraka kinasoma malaria, nasi tunaridhika.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipoangaliwa kwa hadubini, waliokutwa na vimelea vya malaria ni asilimia 46 tu. Sasa sikilizeni vifo. Kwa wenye vimelea, walifariki karibu asilimia 7. Kwa wasio na vimelea, asilimia 12. Hao wa pili walikuwa wodini, dawa zinaingia, faili lina jina la ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingine. Kila nikizisoma namba hizo naumia.

Tangu hapo vipimo vya haraka vimefika hadi zahanati, na vimeokoa wengi. Lakini aina tunayoitumia zaidi inatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyeugua Mtwara mwezi uliopita akameza mseto, yaani dawa ya malaria, mpaka ukaisha, leo Mbagala kipimo kinaweza kusoma kwamba ana malaria, kumbe kinachomwangusha ni nimonia.

Tuseme ameletwa kijana wa miaka 19. Ametapika siku mbili, tumbo linamuuma, amelegea, na kipimo kimesoma malaria. Mfungue shati umtazame kifua. Anapumua haraka na kwa kina kama mtu aliyetoka mbioni, lakini ukisikiliza mapafu, ni safi. Hapo shika glukomita, kile kifaa cha kupimia sukari ya damu, kabla hujashika kalamu. Sukari ikiwa juu sana na mkojo una ketoni (asidi inayotokana na mwili kuchoma mafuta badala ya sukari), huyo ni mgonjwa wa kisukari, na pengine yeye na mama yake hawajawahi kuambiwa. Anahitaji maji ya mshipani na insulini, huku potasiamu ikiangaliwa, na anahitaji rufaa mapema. Ukimpa mseto na dawa ya kuzuia kutapika ukamrudisha nyumbani, huenda asiamke kesho.

Na sukari iliyoshuka je? Malaria kali yenyewe huishusha, hasa kwa watoto. Mtoto mwenye degedege au aliyepoteza fahamu apimwe sukari pale pale mlangoni. Ikiwa chini ya milimoli 3.5 kwa lita, apewe glukosi. Nawasihi, glukomita isifungiwe kabatini na mtu aliyekwenda semina na ufunguo.

Kwa dada au mama wa umri wa kuzaa aliyezimia au mwenye maumivu ya tumbo, pima mimba hata akikuapia kwamba haiwezekani. Muulize akiwa peke yake, mume na wifi wakiwa nje. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, damu hujaa tumboni bila tone kuonekana nje. Na mzee anayesema vidonda vya tumbo vimemshika ghafla huku jasho linamtoka, apimwe umeme wa moyo, maana huenda ni moyo unaomsumbua.

Idara ya dharura ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2010, ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini. Fani hii ya tiba ya dharura inatufundisha utaratibu ambao haudai mashine kubwa: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mvue nguo umkague mwili mzima. Jina la ugonjwa linakuja baadaye. Mwanzoni unatafuta kile kinachoweza kumuua ndani ya saa hii, nacho unakishughulikia hata kama hujakipa jina.

Mwisho ni barua ya rufaa. Ukiandika "malaria kali" peke yake, mwenzako atakayempokea saa nane usiku ataendelea ulipoishia. Mwandikie alivyokuwa akipumua, sukari ilisoma ngapi, dawa gani umempa na saa ngapi. Halafu ongeza mstari mmoja wa kile ambacho hukukielewa: "homa imeshuka ila bado anapumua haraka." Mstari huo ndio sisi tunaompokea mgonjwa tunaoanza nao. Na namba yako ya simu iwepo, maana tutakupigia.